Dakika Sita kwa Kimo cha Maji

Treni ya umeme ilinitoa Morogoro asubuhi, na saa mbili hazijatimia nikawa nimeshuka Dar es Salaam, boksi la viatu kifuani. Ndani ya boksi mlikuwa na helikopta ya rimoti isiyofika hata dhiraa moja kwa urefu, niliyoichomoa kwenye rundo la midoli ya mitumba kule nyumbani. Mapanga yake ya juu yalikuwa yamevunjika, betri haikuwapo, na kioo cha mbele kilikuwa na ufa. Muuzaji aliniuzia kama pambo la kabatini. Mimi nilikuwa nimeona jambo moja lililonifanya nilipe bila kuvutana bei: mapanga yake yalikuwa ya ngazi mbili, ya juu na ya chini, kwenye mhimili mmoja.

Dar nilishafika mara mbili kabla ya hapo, lakini zote niliishia stendi ya Mbezi na kwa rafiki yangu Kimara. Mchikichini sikuwahi kupakanyaga. Huko anaishi mama mdogo, na mumewe ni fundi simu Kariakoo. Nilimpigia baba mdogo nikamweleza ninachotaka: kuifufua helikopta ile, kuifunga kamera puani, kisha nivae miwani yenye skrini niruke kwa macho yake. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Njoo nayo. Ila usije na haraka."

Bajaji ilinipitisha Mnara wa Saa, ikashika Barabara ya Uhuru, ikapita Mnazi Mmoja na kuingia kwenye msongamano wa Kariakoo. Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Zaidi ya miaka mia imepita na pale watu bado wanabeba: vijana wenye marobota mgongoni, maguta yaliyopakiwa mabeseni hadi dereva haonekani, akina mama wenye mifuko ya jumla kichwani. Nililikumbatia boksi langu nikajiona nami ni mpagazi, mzigo wangu gramu mia mbili na kitu.

Mbele kidogo ikaja Karume, soko la mitumba la Mchikichini. Soko lile liliungua usiku mmoja wa Januari 2022, na wengi walipoteza kila walichokuwa nacho. Nilipopita, mashati yalikuwa yametundikwa tena kwa ngazi ngazi na wauzaji walikuwa wakiita kwa sauti ile ile ya masoko yote ya mitumba nchini. Mchikichini maana yake ni penye mchikichi, mti wa mawese. Nilitupa macho huku na huku nikiutafuta mti wenyewe. Nikaona mabati, nguzo za umeme na ghorofa zinazopanda. Mti sikuuona, lakini jina nililipenda.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu sana. Mama hajambo? Na hilo boksi, umeniletea viatu?"

"Ni helikopta, mama mdogo."

Alilifungua mwenyewe, akaitazama kwa muda, akaifunika taratibu kama anayefunika mtoto. "Basi kwanza ule," akasema. "Chopa itangoja."

*

Meza ya baba mdogo iko kwenye baraza la duka moja Mtaa wa Aggrey, mtaa ambao ukitaka simu, kava, chaji au kioo, hutoki mikono mitupu. Meza ina upana wa mikono miwili, taa ya kuinamisha, pasi ya kulehemu, na kopo la vijisukurubu ambavyo mimi hata kuvishika kwa kucha siwezi. Aliiweka helikopta katikati ya meza, akanivutia kigoda.

"Kabla hatujanunua hata waya, niambie kwa nini ina mapanga mawili."

Nilijua jibu la vitabuni, lakini yeye alitaka la mikononi. Akanipa mfano wa kiti cha kinyozi, kile kinachozunguka. Ukikikalia ukasukuma meza upande wa kushoto, meza haiendi. Unazunguka wewe kwenda kulia. Ndivyo ilivyo helikopta yenye panga kubwa moja: mota inalisukuma panga upande huu, na mwili wenyewe unataka kuzunguka upande ule. Ndiyo maana helikopta nyingi zina panga dogo mkiani, la kuuzuia mwili usisokoteke hewani. Hii yetu haina haja nalo. Mhimili mmoja uko ndani ya mwingine kama mrija ndani ya mrija. Mota moja inalizungusha panga la juu, mota ya pili inalizungusha la chini kwa upande wa kinyume. Ubishi wa moja unafutwa na ubishi wa lingine, mwili unatulia. Ukitaka kugeuka, unaipa mota moja nguvu zaidi na nyingine unaipunguzia.

"Ni kama mimi na mama yako mdogo," alisema baba mdogo, na hakuwa akitania. "Kila mmoja na upande wake. Nyumba imesimama."

Akanionyesha na kile kilichoko juu kabisa: fimbo nyembamba ya chuma yenye vizito viwili, kimoja kila ncha. Inapozunguka kwa kasi, fimbo ile hupenda kubaki palepale ilipo, kama pia inayozunguka isivyopenda kuanguka. Mwili ukiinama, fimbo haikubali kuinama upesi. Inayavuta mapanga ya juu, na mapanga yanaurudisha mwili wima. Ya chini ndiyo yanayomtii rubani, maana yameunganishwa na vijimota viwili vinavyoyainamisha mbele, nyuma, kushoto na kulia. Kwa hiyo katika chombo kimoja mna panga linalotii na panga linalotuliza.

Utulivu huo una bei yake. Helikopta ya namna hii haina mbio. Upepo mdogo tu unaichukua. Ukiilazimisha kuinama ghafla, mapanga ya juu na ya chini hukutana na kuvunjana, na bila shaka ndivyo ya kwangu yalivyovunjika mikononi mwa mtoto fulani ng'ambo ya bahari. Wanaorusha droni za mashindano, zile za mapanga manne zinazokata kona kama mbayuwayu, hawawezi kuitazama mara mbili. Lakini mimi sikutaka kukimbia. Nilitaka kuona, na mwenye kutaka kuona anahitaji chombo kinachojua kusimama.

Mwili wake umeigwa kutoka helikopta ya Ufaransa iitwayo Lama. Tarehe 21 Juni 1972 rubani Jean Boulet aliipandisha Lama hadi mita 12,442, zaidi ya mara mbili ya kimo cha Kilimanjaro. Huko juu injini ikazimika, naye akashuka hadi chini akiwa hai, mapanga yakizungushwa na hewa tu. Lama halisi ina panga moja juu na dogo mkiani. Ya kwangu mkia wake ni urembo. Hata hivyo nilipousafisha ule mwili wa plastiki kwa kitambaa chenye spiriti, nilisafisha kwa heshima.

*

Siku mbili tulizunguka Kariakoo kutafuta vifaa. Mapanga tuliyapata kwenye duka la midoli, yamefungwa kwenye pakiti yenye vumbi, jozi mbili za juu na mbili za chini. Ukiyatazama haraka yanafanana, lakini ya juu yamepindwa upande mmoja na ya chini upande wa pili. Ukiyachanganya, chombo hakiinuki. Betri ilikuwa ya volti 7.4, seli mbili zilizoshonwa pamoja. Baba mdogo alinionya juu ya betri hizo kuliko kitu kingine chochote: usiichaji ukaenda zako, usiichaji juu ya godoro, usiitumie mpaka ikauke, na ikivimba usiitoboe. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, ikikaribia 3.3, safari imekwisha, shuka.

Kamera ilikuwa kitu cha ajabu kwangu. Ukubwa wake ni kama kifundo cha kidole gumba, nayo ina jicho la kioo, kisambaza mawimbi na antena yenye umbo la ua. Inatuma picha kwa gigahezi 5.8, kwa nguvu ya milivati 25, hivyo kwa ndani ya ukumbi inatosha ilimradi ukuta wa zege au bati visiingie kati. Uzito wake ni gramu tano, na kibetri chake tano nyingine. Gramu kumi, sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari! Nikadhani hazitasumbua. Tulipoifunga puani na kuishika helikopta kwa vidole viwili kwenye mhimili wake, pua ililala kama kichwa cha anayesinzia. Ilibidi betri kubwa irudishwe nyuma nusu ya upana wa kidole, kisha robo, mpaka ikaning'inia sawasawa.

Miwani ilikuwa kama boksi dogo la kuvaa usoni, lenye skrini moja ndani na mkanda wa kichwani. Kilichonivutia ni kwamba skrini ile inachomoka, ikawekwa mezani kama televisheni ndogo. Wakati huo sikujua itakuja kunifaa kwa jambo gani.

"Tutarushia wapi?" nikauliza. "Jangwani kuna uwazi."

Baba mdogo akatikisa kichwa. Anga la nje lina wenyewe. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ndiyo inayosimamia vyombo visivyo na rubani ndani, na kurusha katikati ya jiji kunataka vibali. Uwanja wa Julius Nyerere hauko mbali, ndege za abiria zinapita. Chini kuna watu kila hatua, na mapanga yanayozunguka hayamjui mtoto wala mzee. Zaidi ya hayo, upepo wa pwani wa alasiri ungeichukua helikopta yetu kama karatasi. "Chombo hiki ni cha ndani," alisema. "Mama yako mdogo ana ufunguo wa ukumbi."

*

Ukumbi wenyewe uko upande wa chini, ambako mitaa inaelekea Bonde la Msimbazi. Ni wa kawaida: jukwaa upande mmoja, viti vya plastiki vilivyopandishwa pembeni, pangaboi nne darini, mabati juu ya kenchi za mbao. Ijumaa kikoba cha akina mama hukutana humo, na Jumamosi kuna shughuli: harusi, kichen pati, ubarikio. Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba, ndiyo maana ufunguo uko kwake. Sharti alilotupa lilikuwa moja, turudishe viti kama tulivyovikuta.

Aliyekuja nasi ni mdogo wangu, binti yao, yupo kidato cha pili. Kazi yake ilikuwa kubwa. Mtu aliyevaa miwani ile haoni chumba alichomo. Lazima pembeni yake awepo mwenye macho, wa kumwambia nani anaingia mlangoni na chombo kiko wapi. Tulizima pangaboi zote, tukafunga madirisha.

Siku ya kwanza hatukuifungulia kamera. Nilijifunza kuirusha kwa kuitazama tu, na nilijifunza kwa tabu. Ilipoinuka kwa mara ya kwanza ilizunguka polepole kwenda kushoto bila mimi kugusa kitu, mpaka baba mdogo alipogeuza kwa bisibisi kitufe kidogo kwenye ubao wake wa umeme, kile kinacholinganisha mota mbili. Ikatulia. Ikiwa chini ya magoti ilitikisika, kwa sababu upepo wake wenyewe uligonga sakafu na kuirudia. Ikipanda usawa wa kifua, inakaa kama imetundikwa kwa uzi. Ikiwa imenipa mkia, kulia kwangu ni kulia kwake. Lakini ikinigeukia uso, kulia kwangu kunakuwa kushoto kwake, na hapo mikono inasaliti. Mara tatu niliipeleka ukutani nikidhani naiokoa. Jozi ya kwanza ya mapanga iliishia kwenye pazia la jukwaa. Mdogo wangu aliyaokota mapande yote mawili akaniletea bila neno, nikamshukuru kwa ukimya ule.

Usiku, nimelala kwenye mkeka sebuleni, alinijia na swali. "Kaka, kwa nini watu wakubwa wanazirusha?"

Nikamsimulia habari za Ingenuity, helikopta iliyopelekwa Mirihi. Tarehe 19 Aprili 2021 iliinuka mita tatu, ikakaa hewani sekunde 39, ikatua. Chombo cha kwanza kuruka kwa injini zake katika sayari nyingine. Uzito wake kilo 1.8 tu. Nayo ilikuwa na mapanga mawili kwenye mhimili mmoja, yakizunguka kinyume, kama ya kwetu, ila yenye urefu wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha na yakienda mbio mizunguko kama 2,400 kwa dakika, kwa sababu hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, kama sehemu moja kwa mia ya hewa yetu. Ilitarajiwa iruke mara tano. Iliruka mara 72, mpaka Januari 2024.

"Na rubani alivaa miwani?"

Hakuvaa. Mawimbi ya redio huchukua dakika kadhaa kufika Mirihi, kwa hiyo helikopta ile ilijiongoza yenyewe, na waliobaki duniani waliziona picha zake baadaye. Mdogo wangu alifikiri kidogo. "Basi sisi tumewazidi hapo," akasema. "Sisi tutaona wakati uleule."

*

Jioni iliyofuata niliketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi, nikavaa miwani. Kwanza kulikuwa na giza, kisha chenga, zile za televisheni za zamani zikikosa stesheni. Baba mdogo akabonyeza kitufe cha kamera, chenga zikaondoka, na ghafla nilikuwa sakafuni. Nasema nilikuwa, kwa sababu hakuna neno lingine. Sakafu ya saruji ilinijia mpaka kidevuni, pana kama uwanja wa mpira. Miguu ya kiti ilisimama mbele yangu kama nguzo. Kandambili za mdogo wangu zilipita kama mitumbwi miwili.

Nikasukuma kijiti cha kushoto taratibu. Mlio wa mota ukapanda, picha ikatetemeka kama maji yaliyoguswa, kisha sakafu ikaniacha.

Ile hofu ya kulia na kushoto iliyonitesa siku nzima iliyotangulia ilitoweka palepale. Nikiwa ndani ya chombo, uso wangu na uso wake ni mmoja. Kulia ni kulia. Mikono ikaacha kufikiri. Lakini tatizo jipya likaja badala ya lile. Kamera ya jicho moja haijui umbali, na kioo chake kipana huyasogeza mambo mbali: ukuta ulioko hatua tatu unaonekana uko hatua kumi. "Ukuta, kaka," mdogo wangu aliniambia sikioni kwa sauti ya chini. "Ukuta, mkono wa kulia. Simama." Nikaachia kijiti, na helikopta ikajirudisha wima yenyewe, kwa ile fimbo yake ya vizito viwili, ikakaa hewani ikiutazama ukuta. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sikutaka droni ya mbio. Droni ya mbio inakutaka wewe uwe hodari kwanza. Chombo hiki kilinivumilia nikiwa mjinga.

Nikapanda. Viti vilivyopandishwa vikawa ghorofa, nikapita kati yake na jukwaa kama barabara ya Kariakoo alfajiri, kabla watu hawajafika. Nikapanda tena, mpaka usawa wa pangaboi, na picha ikaanza kuchafuka kwa chenga nilipokaribia mabati. Juu ya kenchi, mahali ambapo macho ya mtu hayafiki, nikakuta sherehe za watu zimelala: mapulizo yaliyokwisha pumzi, utepe wa dhahabu, ua la karatasi lililopauka. Kila harusi iliyofanyika pale ilikuwa imeacha kitu juu na kuondoka. Nikawa nakitaja ninachokiona, na nyuma yangu nikasikia mama mdogo amefika mlangoni, anasema, "Huo utepe wa dhahabu ni wa send-ofu ya jirani yetu. Tuliutafuta sana."

Dakika sita zikaisha. Nilishuka, miguu ya helikopta ikagusa sakafu kwa kishindo kidogo, nikavua miwani nikakuta jasho limenilowesha mpaka shingoni. Mwili wangu haukuwa umeinuka kutoka kwenye kiti. Niliutazama ukumbi kwa macho yangu ya siku zote, nikauona mdogo.

*

Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye ukingo wa jukwaa na mtandio mabegani. Alitutazama tukibadilisha betri, kisha akaonyesha ukuta wa upande wa bonde. "Umeuona ule msumari?"

Sikuwa nimeuona. Ulikuwa umepigwa ukutani usawa wa kiuno, umepakwa rangi pamoja na ukuta zaidi ya mara moja, hauna picha wala kalenda.

"Maji yalifika hapo. Desemba 2011. Mlinzi wa wakati ule ndiye aliyeupiga, ili tusije tukabishana."

Wakazi wa Bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa Desemba ile. Mvua ilinyesha usiku na mchana, mto ukatoka kwenye njia yake, makumi ya watu wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Miaka michache baadaye, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wenyeji wa mitaa yenyewe, wakatembea kata kwa kata wakichora nyumba, njia na mitaro, wakitumia pia picha zilizopigwa na droni kutoka juu, na kuwauliza watu swali ambalo droni haiwezi kulijibu: maji hufika wapi? Ramani ile iko wazi kwa yeyote. Naiheshimu sana kazi hiyo. Lakini mbele ya msumari ule niliona jambo ambalo picha ya juu hailionyeshi. Kutoka juu, mafuriko ni doa la kahawia kwenye ramani. Aliyekuwamo aliyaona kwa kimo cha kiuno.

Nikamwuliza mama mdogo kama angependa tuende naye. Nikaichomoa ile skrini kutoka kwenye miwani, nikaiweka mapajani mwake. Mimi nikabaki na macho yangu tu, niongoze kama siku ile ya kwanza. Mdogo wangu akasimama kando ya msumari na kidole chake usawa wake, ili nisipotee kimo.

Niliinua helikopta mpaka kwenye kidole kile, nikaanza kuisogeza mbele. Sikuwahi kurusha polepole kiasi hicho. Haikupanda wala kushuka; ilitembea hewani usawa uleule, kutoka mlango wa bonde, kando ya ukuta, ikielekea jukwaani. Sauti ya mota ilijaa ukumbi mzima, na mama mdogo akainama juu ya skrini mpaka mtandio ukamwangukia mikononi.

Mezani palipokuwa na masufuria ya shughuli, helikopta ilipita usawa wa vifuniko. Kwenye viti ilipita usawa wa migongo. Ilipofika kwenye ngazi za jukwaa, akasema, "Simama hapo."

Nikaisimamisha. Panga la juu na panga la chini, kila moja na upande wake, yakaishikilia palepale.

"Hapa ndipo nilipompandishia huyu," akasema. Hakumtazama binti yake. Alikuwa akizitazama ngazi ndani ya skrini. "Nilikuwa nimembeba mgongoni. Alikuwa na miezi michache. Nilihesabu ngazi kwa miguu, sikuziona. Moja, mbili, tatu."

Mdogo wangu aliondoa kidole kwenye msumari, akaja akaketi kando ya mama yake. Nadhani kisa chenyewe alikuwa amekisikia mara nyingi. Mahali penyewe alikuwa hajapaona kamwe kwa kimo kile. Wakatazama pamoja. Mimi niliishikilia helikopta kwa vidole vilivyoanza kufa ganzi, nikiomba betri isinichongee, na baba mdogo, mwenye saa mkononi, akanionyesha vidole viwili: dakika mbili. Kisha kimoja.

Nilipoitua, hakuna aliyesema kitu mpaka mapanga yaliposimama kabisa. Mama mdogo akanirudishia skrini kwa mikono miwili.

"Maji hayakwenda polepole hivyo, mwanangu," akasema. "Siku ile sikupata nafasi ya kutazama."

Akaitazama betri ya pili iliyokuwa kwenye chaji, taa yake bado nyekundu. Akauliza itajaa lini. Nikamwambia kama nusu saa. Akajitanda mtandio wake vizuri, akasogea akanipa nafasi ya kukaa, tukangoja.